Somo: Kupumzika Da Nang siku mbili ukiwa katikati ya safari ndefu

Habari zenu wadau. Wengi wenu mnaokwenda Japani, Korea Kusini au Australia mnaunganisha ndege tatu bila kugusa kitanda, mnafika miguu imevimba na siku za mwanzo zinapotea kwa usingizi. Nimesafiri hivyo mara mbili. Safari ya tatu nililala Da Nang, mji wa pwani katikati ya Vietnam, na sasa ndiyo njia yangu. Fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: Tiketi. Omba mapumziko ya njiani yaingizwe kwenye tiketi ileile. Ukizidisha saa 24, kwa kawaida begi unalichukua mwenyewe, kwa hiyo nguo za ufukweni weka juu. Usiku mmoja hautoshi. Weka miwili.

Hatua ya 2: Viza. Tangu Agosti 2023 Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90. Ya kuingia mara moja ni dola 25. Omba kwenye tovuti rasmi ya serikali yao, maana mawakala wanaofanana nayo ni wengi na bei zao ni za juu. Andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti. Mimi niliacha jina la kati, ikabidi niombe na kulipa upya, siku tano kabla ya kuondoka. Roho ilikuwa mkononi.

Hatua ya 3: Malazi. Chukua chumba upande wa ufukwe wa My Khe, ng'ambo ya Mto Han. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, gari halichukui hata nusu saa. Hilo ndilo lililonifanya niuchague mji huu: hupotezi siku barabarani.

Hatua ya 4: Pesa. Dong, pesa ya Vietnam, ina sifuri nyingi, na noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Gizani ndani ya teksi utatoa kubwa ukidhani ndogo. Mimi noti za 500,000 naziweka mfuko wa peke yake. Usafiri agiza kwa Grab, programu ya simu ya kuita gari au pikipiki, bei unaiona kabla ya kupanda.

Hatua ya 5: Bahari, na hapa msiwe na haraka. My Khe inatazama mashariki, jua linachomoza majini. Saa kumi na moja alfajiri wenyeji wameshajaa: wazee wananyoosha viungo, akina mama wanaogelea kwa makundi. Jua likianza kuchoma wanaondoka, wanarudi jioni. Fanya kama wao. Mwanga wa asubuhi unausaidia mwili kushika saa mpya. Mchana lala, lakini kwa kengele, usingizi usizidi dakika sitini.

Tazama pia vile vidau vya mviringo vilivyolazwa mchangani. Ni kapu kabisa la mianzi, limepakwa utomvu maji yasipenye. Mvuvi anasimama ndani na kulisukuma kwa kasia moja, analitikisa kushoto na kulia, nalo linakwenda mbele bila kuzunguka. Nilikaa nikitazama hadi chai ikapoa.

Hatua ya 6: Jioni tembea kando ya mto. Ukiangukia Jumamosi au Jumapili, saa tatu usiku Daraja la Joka, lenye umbo la joka, linatema moto, kisha maji. Ukisimama karibu na kichwa utalowa.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi ninapita mwezi wa kumi na moja, vipi?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Oktoba na Novemba ni mvua kubwa na dhoruba, bahari inachafuka. Mei hadi Agosti imetulia, ingawa joto ni kali.

Swali: Naweza kukodi pikipiki?
Jibu: Bila kibali cha kimataifa cha udereva cha Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani, usiguse. Ukianguka, bima inaweza kukukana. Panda pikipiki ya Grab, dereva anakupa kofia ngumu.

Swali: Kaka, Hoi An ni karibu, niiunganishe?
Jibu: Ni kama kilomita 30, mji mkongwe mzuri sana. Ukiwa na usiku tatu, nenda. Ukiwa na miwili, dada yangu, kaa ufukweni. Umekuja kupumzika.

Swali: Nasafiri na watoto, maji ni salama?
Jibu: Ogeleeni palipo na bendera za waokoaji, na bendera nyekundu ikipanda tokeni. Mkondo ukikuvuta nje usipambane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie, ndipo urudi. Watoto wangu niliwafundisha hilo mchangani kwanza, kwa kuwachorea mstari, kabla hawajalowesha vidole.