Kilo moja na kitu: namna ninavyoifanya kompyuta mpakato ya 2013 imudu kazi za leo

Mimi ni mfasiri. Siku yangu hupita mbele ya faili mbili zilizofunguliwa sambamba, matini asilia upande mmoja na tafsiri upande wa pili, huku kamusi zikiwa kwenye kivinjari na barua pepe zikiingia moja moja. Kazi hiyo yote naifanyia kwenye ThinkPad X240, kompyuta ya 2013 yenye skrini ya inchi 12.5 na uzito wa kilo moja na kitu. Nimeibeba begani miaka mingi na bega halijawahi kulalamika. Kibodi yake vidole vyangu vinaijua gizani. Hivyo viwili, wepesi na kibodi, ndivyo vilivyonifanya niamue kuitunza badala ya kuiacha, kwa sababu karibu kila kitu kingine ndani yake kinaweza kubadilishwa au kupunguziwa mzigo.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kutoa dawa kabla ya kupima. Mtu akiona kompyuta imekuwa nzito anafuta picha, anapakua programu ya kusafishia kompyuta, kesho anafuta tena, na uzito uko palepale. Kompyuta haichoki mwili mzima kwa siku moja. Kinachochoka ni diski, au RAM, kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi, imekuwa ndogo, au joto halitoki, au betri imekwisha nguvu, na kila kimoja kina dalili zake.

Kwa hiyo anza hivi. Fungua kila kitu unachokifungua siku ya kazi, usipunguze hata kimoja. Kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager inayoonyesha kila kifaa kinavyotumika. Kama ni Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, fungua terminali (dirisha la amri) uandike htop uone prosesa na RAM, na mwanga wa diski, kama mashine yako inao, utakuonyesha diski inavyohangaika. Tazama kwa dakika kumi huku ukifanya kazi. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 ilhali prosesa imetulia, mgonjwa ni diski. RAM ikijaa hadi ukingoni na diski ikaanza kuhangaika kila unapobadili dirisha, ujue mfumo umeishiwa RAM na sasa unaazima nafasi kwenye diski. Prosesa ikipanda juu na feni kunguruma wakati hufanyi lolote, kuna programu iliyopotea njia au kuna vumbi linalozuia hewa. Ya betri haihitaji kipimo cha skrini: chomoa chaja uangalie saa.

Yangu ilikuwa na magonjwa mawili, diski na RAM. Nitaanza na diski, maana hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa kuliko penginepo pote.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaosogea kutafuta data. Kila kutafuta huchukua milisekunde kadhaa, hivyo kwa sekunde moja mkono ule unaweza kwenda mahali tofauti takriban mia tu. Mfumo unapowaka husoma maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika. SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala mkono. Hata ya kawaida kabisa hufanya makumi ya maelfu ya safari hizo kwa sekunde. Kabla sijabadilisha nilikuwa nawasha kompyuta, naenda kuchemsha maji, narudi, na bado inaduwaa. Siku niliyoweka SSD ya GB 240 ilikuwa tayari kabla sijavuta kiti vizuri. Kama kompyuta yako bado ina diski ya kuzunguka, acha kusoma ushauri mwingine wowote mpaka umalize hili.

Kabla ya kununua chochote, tafuta mwongozo wa mafundi wa modeli yako kamili, ile namba iliyoandikwa chini ya kompyuta. Kompyuta nyepesi hutofautiana sana. Nyingine zina nafasi ya diski ya inchi 2.5, nyingine zinatumia kile kijibao chembamba cha M.2, na nyingine RAM yake imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuigusa. X240 inapokea diski ya inchi 2.5, lakini unene ni milimita 7. Ya milimita 9.5 haiingii.

Kuifungua si jambo la kutisha ukifuata mpangilio. Nakili faili zako kwanza, sehemu mbili tofauti. Kisha, kwa mashine zenye betri iliyofichwa ndani kama hii, izime betri hiyo kabla ya kugusa skrubu: kwenye X240, washa kompyuta ukibonyeza F1, ingia Config, halafu Power, chagua Disable Built-in Battery. Mashine itajizima yenyewe. Chomoa chaja, toa betri ya nyuma, legeza skrubu za mfuniko wa chini, kisha pitisha kipande chembamba cha plastiki pembeni taratibu hadi vishikizo viachie. Usitumie bisibisi kukwanyua. Itavunja vishikizo na kukwaruza. Gusa chuma chochote kisicho na rangi ili umeme tuli ukutoke. Diski imekaa pembeni, inatoka kwa kuvutwa.

RAM kwenye X240 ina nafasi moja tu. Ilikuwa na GB 4, na kwa kuwa hakuna nafasi ya pili, sikuweza kuongeza. Ilibidi kutoa ile na kuweka moja ya GB 8, ambayo ndiyo kikomo chake rasmi. Hapa nilipoteza wiki nzima. Nilinunua RAM ya aina ya DDR3, ya volti 1.5, kwa sababu umbo lake ni lilelile, ikaingia vizuri, na kompyuta ikagoma kuwaka. Prosesa za kundi hili zinataka DDR3L, ya volti 1.35. Herufi moja ile, L, isome mara mbili kabla ya kulipa.

Ambaye RAM yake imechomelewa asikate tamaa. Kwenye Linux kuna zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe badala ya kuitupa kwenye diski. Kwenye Debian, moja ya matoleo ya Linux, na jamaa zake kifurushi kinaitwa zram-tools. Prosesa inafanya kazi kidogo zaidi, lakini GB 4 zinapumua kama zimeongezewa, na kwa maandishi na kivinjari chenye nidhamu zinatosha.

Sasa mfumo endeshi. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka TPM 2.0, sehemu maalumu ya usalama ndani ya kompyuta, na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea isipokuwa chache mno. Yangu ni i5-4300U, kizazi cha nne. Zipo njia za kuzunguka masharti hayo, ila sipendi kuegemeza riziki yangu kwenye mlango ambao unaweza kufungwa na sasisho lijalo. Nilihamia Linux Mint, toleo lenye Xfce, mazingira mepesi ya madirisha na menyu. Mint 22 ilitoka 2024 na itapewa masasisho ya usalama hadi 2029.

Usiisimike siku ya kwanza. Iandike kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta ukibonyeza F12 (kwenye ThinkPad), chagua flashi, na Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Kaa nayo siku mbili. Jaribu mtandao usiotumia waya, sauti, kamera, vitufe vya mwanga wa skrini, na hili wengi hulisahau: funika kompyuta, subiri, ifunue uone kama inaamka. Jaribu pia programu ambayo bila hiyo hakuna kazi. Kwangu ilikuwa OmegaT, programu ya wafasiri, na hiyo inafanya kazi kwenye Linux bila shida. Kama yako inaishi kwenye Windows pekee na haina mbadala, bora ujue leo.

Jambo moja lilinisumbua mwanzoni. Nyaraka za wateja zilizoandikwa kwa Word zilikuwa zikifunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya nyaraka, mistari imesogea na kurasa zimeongezeka. LibreOffice haikuwa na kosa. Fonti za Calibri na Cambria hazikuwepo, na mbadala uliowekwa ulikuwa na herufi za upana tofauti. Dawa ni Carlito na Caladea, fonti zilizochorwa kwa vipimo vilevile:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Tangu hapo kurasa zinakaa mahali pake. Hata hivyo, kazi ya mwisho naituma pamoja na PDF.

Kivinjari ndicho mlaji mkubwa kuliko wote. Utafungua mfumo mwepesi kuliko yote duniani, ukafungua vichupo arobaini, na mashine itapiga magoti. Mimi nimejiwekea vichupo nane. Cha tisa kikitaka kufunguliwa, kimoja kinafungwa au kinaingia kwenye alamisho. Kwenye Firefox, andika about:unloads kwenye upau wa anwani. Utaona vichupo na kitufe cha kuvipakua kutoka kwenye RAM bila kuvifunga. Nimeweka kiendelezi cha uBlock Origin, na hiki nakihesabu kuwa chombo cha kasi kabla ya kuwa cha kuzuia matangazo: kurasa nyingi za habari hubeba msimbo wa matangazo na ufuatiliaji mzito kuliko habari yenyewe, na prosesa ya viini viwili inauhisi kila mstari. Viendelezi vingine nimeviondoa. Kila kimoja kinakula sehemu yake.

Video nazo zina siri yake. Prosesa hizi zina sehemu maalumu ya kufungua video zilizobanwa kwa muundo wa H.264, lakini haizijui za VP9 wala AV1, miundo mingine ambayo YouTube hupenda kuituma. Zikija, kazi yote inaangukia prosesa kuu, feni inalia na picha inakatikakatika. Kiendelezi cha h264ify kinaiomba YouTube itume H.264. Kwa skrini ya 1366 kwa 768, kama ilivyo yangu, ubora wa 720p unatosha kabisa. Kinachozidi hapo jicho halikioni na mashine inakilipia.

Betri. X240 ina mbili, ya ndani na ya nyuma, na hii ya nyuma inachomolewa kwa kusukuma vishikizo tu. Ukitaka ukweli wa betri yako, kwenye Linux andika upower -d, kisha linganisha energy-full na energy-full-design. Kwenye Windows, powercfg /batteryreport inakutengenezea ripoti yenye namba hizohizo. Ya ndani kwangu iliundwa kubeba Wh 23 na sasa inafika 14, nami nimeridhika nayo. Ya nyuma ilikuwa imekufa kabisa nikaweka nyingine. Kwa kuwa saa nyingi nipo karibu na umeme, nimeweka kikomo cha kuchaji kwa TLP, programu ya Linux ya kusimamia umeme, kwenye faili ya /etc/tlp.conf:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Na vivyo hivyo kwa BAT1. Betri za lithiamu huchakaa haraka zikishinda kwenye asilimia 100, hasa kukiwa na joto. Siku ya safari naondoa kikomo usiku wa kuamkia. Na tafadhali, ukiona mfuniko umeinuka, padi ya kugusa (touchpad) imekuwa ngumu kubonyeza, au kompyuta haikai sawa mezani, zima na usichaji tena: betri imevimba. Usiitoboe, usiikandamize irudi. Ipeleke panapopokelewa taka za betri.

Joto nitalisema kwa ufupi. Mara moja kwa mwaka nafungua, nazuia feni kwa kijiti isizunguke, napuliza vumbi litoke kwenye mapezi ya kupozea. Ute ulio kati ya prosesa na bomba la kupozea nimeubadilisha mara moja tu, baada ya kuukuta umekauka kama chaki. Niliufuta kwa spiriti kali na kuweka tone dogo jipya. Usiiweke kompyuta juu ya godoro.

Kuna kazi sizitaki kutoka kwake. Sihariri video. Mkutano wa watu kumi wenye kamera wazi naingia kwa simu, na kompyuta inabaki na nyaraka tunazozijadili.

Kinachonishughulisha zaidi sasa ni nakala. Diski ya kuzunguka mara nyingi huanza kugugumia kabla ya kufa. SSD inaweza kunyamaza ghafla, asubuhi ukaikuta haipo. Naitazama afya yake kwa smartctl, programu ya kupima diski, lakini siitegemei itoe onyo kwa wakati. Timeshift, inayokuja na Mint, inatunza mfumo, na kwa mpangilio wake wa kawaida haigusi faili zako binafsi. Rafiki yangu mmoja aliligundua hilo baada ya kupoteza sura tatu. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nachomeka diski ya nje, nanakili folda ya kazi, kisha nafungua faili moja kutoka kwenye nakala ile, yoyote itakayokuja mkononi, nisome aya mbili kuhakikisha inafunguka. Halafu nachomoa diski na kuiweka chumba kingine.