Kujipodoa kwa anayeanza: pata fondesheni sawa kwanza

Wengi wanaoanza hukimbilia kope na midomo, kumbe kinachoharibu sura mara nyingi ni fondesheni, ile krimu ya rangi ya ngozi inayopakwa uso mzima. Ikiwa haikulingana na ngozi, au imepakwa nene, hakuna wanja utakaoiokoa. Ndiyo maana tunaanza nayo hata kabla ya kunawa uso.

Hatua ya 1: Chagua rangi. Usijaribu fondesheni mgongoni mwa mkono, kwani mkono na uso havina rangi moja. Chukua rangi tatu zinazokaribiana, chora mstari wa kila moja kutoka shavuni, upite tayani hadi shingoni, kisha toka nje ya duka. Maduka ya ghorofani katikati ya Kampala yana taa nyeupe kali, na rangi inayopendeza humo ndani inaweza kukataa ukifika barabarani. Subiri dakika 10 hadi 15, maana fondesheni nyingi hukolea zikishapigwa na hewa. Mstari usioonekana tena ndio wako.

Uso ukiwa wa kijivu, chunguza mambo mawili. Huenda ngozi yako ina umanjano au wekundu kwa ndani nawe umepaka fondesheni yenye uwaridi. Au fondesheni yenyewe, ama krimu ya jua iliyo chini yake, ina titani dioksaidi nyingi, ule unga mweupe unaoacha utando kwenye ngozi nyeusi. Na tafadhali usichukue rangi nyeupe kuliko yako ili eti ung'ae. Shingo itakuumbua. Krimu za kuchubua zenye zebaki ziache kabisa, ni sumu. Fondesheni inayolingana na ngozi yako haikudai uibadilishe.

Hatua ya 2: Andaa ngozi. Nawa, paka losheni nyepesi, ngoja dakika 5, kisha krimu ya jua, nayo uiache ikauke. Moo yaa, yale mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda, ni mazuri sana usiku, ila chini ya fondesheni huifanya iteleze na kukusanyika puani. Vaselini pia. Ngozi ikikauka mno, kama huko Arua mwezi wa Januari, tumia kiasi cha punje ya mchele, kisha bonyeza uso kwa tishu. Ukiona vipande vinajiviringa kama uchafu wa kifutio, tabaka la chini halikuwa limekauka, au umepaka vitu visivyopatana, kimoja cha maji na kingine cha silikoni.

Hatua ya 3: Paka fondesheni. Kiasi cha njegere moja kinatosha uso mzima kwa kuanzia. Lowesha sponji, likamue mpaka lisidondoshe maji; likiwa kavu litainywa fondesheni yote. Weka vitone katikati ya uso, halafu gongagonga kuelekea pembeni hadi chini ya taya. Usisugue, utakuwa unaivua uliyoipaka. Doa likibaki, liongezee konsila, krimu nzito ya kufichia madoa, hapohapo tu, liache nusu dakika, ndipo ugonge kingo zake.

Hatua ya 4: Poda. Paji la uso, pua, kidevu na chini ya macho, basi. Ukienda kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi wa binti, chagua poda yenye rangi ya ngozi yako: ile nyeupe hutokea kwenye picha za flashi kama unga uliomwagika. Ukitoka jasho chini ya hema, bonyeza kwanza kwa tishu. Poda juu ya jasho hufanya mabonge.

Hatua ya 5: Nyusi, macho, midomo. Nyusi zinataka penseli ya kahawia iliyokolea, kwa michoro mifupi inayofuata nywele, kisha zichane. Nyeusi tititi hukaza uso. Wanja na maskara, ile rangi ya kope, usiazimane na mtu, macho huambukizana; maskara itupe baada ya miezi 3. Midomo ichore kingoni kwa penseli ya kahawia, paka rangi, bonyeza tishu, rudia mara moja.

Hatua ya 6: Vua vyote kabla ya kulala. Mafuta ya kusafishia kwanza, kisha sabuni laini. Sponji lioshwe kila wiki na kuanikwa penye hewa. Likifungiwa bichi ndani ya mkoba huota ukungu, na chunusi unazoilaumia fondesheni huenda zinatoka humo.