Somo: Kupasha injini moto asubuhi za baridi (Njombe, Makete, Mafinga na kwingineko)

Juni imeingia, na Nyanda za Juu mchezo ni uleule: gari linawashwa alfajiri, linaachwa linanguruma uani dakika ishirini, mwenyewe yuko ndani anakunywa chai. Wengi tulirithi tabia hii kwa wazee waliokuwa na magari ya kabureta. Kwa gari la injeksheni (linalopimiwa mafuta na kompyuta) ni kuchoma mafuta bure na kuichosha injini. Injini ipashwe barabarani, si uani.

1. Kabla ya kuwasha

Kama gari linalala gereji, litoe nje. Kufungua mlango nusu hakutoshi. Moshi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua mtu huku akidhani ni usingizi.

Zima taa, redio na feni. Baridi inaidhoofisha betri, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, kwa hiyo staata inadai umeme mwingi zaidi kutoka kwenye betri ambayo tayari imechoka.

Wenye dizeli: fungua swichi, usipige staata. Subiri taa ya njano yenye alama ya springi izime, ndiyo ya plagi za moto zinazopasha silinda. Kwenye Hiace yenye injini ya 5L au Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ni sekunde chache tu. Baridi ikiwa kali, funga swichi urudie mara ya pili.

2. Kuwasha

Gari la injeksheni halihitaji ukanyage mafuta, kompyuta yake inajua kuna baridi. Staata isizidi sekunde 10. Ikigoma, pumzisha nusu dakika ndipo ujaribu tena.

Ikishawaka, silensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) itapanda, mara nyingi kwenye rpm (mizunguko kwa dakika) 1,200 hadi 1,500. Ni kawaida, usiitie mkono. Ipe sekunde 30 hadi dakika moja ili oili ifike juu kwenye kamshafti, na kwenye tabo (turbo) kama unayo. Kupiga resi wakati huu ni kusaga vyuma vikavu.

3. Ondoka, lakini kwa adabu

Kilomita tano za mwanzo, petroli isivuke rpm 2,500, dizeli 2,000. Injini inapata joto kwa kufanya kazi. Dizeli ndiyo mbaya zaidi ikiwa silensa: inachoma mafuta kidogo sana huku ikivuta hewa nyingi ya baridi, unaweza kumaliza chai na mshale wa joto bado uko chini. Halafu gia boksi na bearingi za magurudumu havipati joto gari likiwa limesimama, hata ungurumishe mpaka saa nne.

Kuhusu petroli, ubaya wake ni huu. Petroli ya baridi haigeuki mvuke vizuri, hivyo kompyuta inaongeza kipimo. Ile isiyoungua inagandamana na kuta za silinda, inaosha oili iliyokuwa inalinda pistoni, kisha inachuruzika hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Chomoa stiki ya oili ya gari linalongurumishwa kila asubuhi, uinuse. Mara nyingi utasikia petroli.

4. Oili

20W-50 imezoeleka kwa sababu inapatikana kila duka. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayosema oili inatiririkaje kwenye baridi, na ikiwa ndogo ni bora zaidi. Kama kitabu cha gari lako kinasema 5W-30, fuata kitabu.

5. Thamostati

Hapa ndipo magari yetu yanapoumia. Gari likichemka Dar, fundi anang'oa thamostati: "Huku joto, haina kazi." Baadaye gari linauzwa kwa mtu wa Makete. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yabaki ndani ya injini mpaka yafike nyuzi 82 hadi 88 hivi, ndipo iyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanapozwa tangu dakika ya kwanza, injini haifiki joto lake, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya ziada safari nzima. Ndipo unasikia mtu analalamika Vitz inakunywa kama Fuso.

Kipimo cha haraka: washa gari likiwa baridi, shika hosi ya juu ya rejeta, mkono uwe mbali na feni na mikanda. Hosi ikae baridi kwa muda, kisha ipate moto ghafla. Ikianza kuwa vuguvugu mapema, polepole, basi thamostati haipo au imekwama ikiwa wazi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Nina Passo, niko Mafinga. Taa ya bluu ya injini baridi haizimi mpaka nakaribia Iringa. Ni baridi tu?*

Hapana mkuu. Ile taa inatakiwa izime ndani ya kilomita chache. Anza na thamostati, halafu sensa ya temperecha.

*Hiace ya dizeli, Makambako. Asubuhi inatoa moshi mweupe na kutetemeka, kisha inatulia. Kuna kijana stendi ananiambia nipulizie dawa ya kopo ya kuwashia injini kwenye njia ya hewa.*

Kaka, usithubutu. Dawa ile ikikutana na plagi za moto inaweza kulipuka humohumo. Moshi mweupe ni dizeli isiyoungua, yaelekea plagi moja au mbili zimekufa. Fundi azipime mojamoja kwa mita. Na wale wanaowasha moto chini ya sampu, waache.

*Niko Minneapolis, huku inafika nyuzi -25 za Selsiasi. Haya yananihusu?*

Yanakuhusu dada, ila ongeza hita ya bloku: unaichomeka kwenye umeme saa mbili au tatu kabla ya kuondoka. Kulanti (dawa ya rejeta isiyoganda) nusu kwa nusu na maji inahimili hadi karibu -37. Ukiungurumisha dakika tano ili barafu iyeyuke kwenye kioo, sawa, lazima uone njia. Maji ya moto usimwage, kioo kitapasuka.

*Bodaboda ya kabureta je?*

Vuta choki, washa, baada ya dakika moja irudishe kidogo kidogo. Ukiisahau, plagi itajaa masizi.

*Na sisi wa Temeke?*

Ukimaliza kufunga mkanda, ondoka. Ila thamostati irudishwe hukohuko kabla hujatuuzia gari.