Waifai ya Broadcom kwenye Ubuntu: skrini ya buluu usiiache ipite

Jana usiku nilikuwa na binamu yangu hapa Arua, kanunua laptopu iliyotumika kutoka Kampala, Ubuntu imeingia vizuri ila waifai hakuna, hata alama yake haionekani. Naandika kabla sijasahau.

1. Fungua terminal, jua kadi yako ya waifai:

lspci -nnk | grep -A3 -i network

Yake ni BCM43142 [14e4:4365]. Kama yako ni Intel au Realtek, dawa yake ni nyingine.

2. Intaneti ichukue kwenye simu ya Android kwa waya wa USB (washa USB tethering kwenye simu), waya wa data lakini, kuna zile za kuchaji tu. Usiapdeti mfumo mzima, bando litakatika njiani.

3. Weka draiva, yaani programu ya kuendesha kadi (apt update inasoma orodha ya programu tu, haiapdeti mfumo mzima):

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Wapo wanaosema shusha kodi ya chanzo (source code) ya draiva ujenge mwenyewe. Mimi sikubali, keneli (kiini cha mfumo) ikibadilika umerudi ulikotoka, lakini pakiti hii inatumia DKMS, mfumo wa kujenga draiva kila keneli ikibadilika, inajijenga upya yenyewe.

4. Sasa tulia hapa. Kwenye mashine yangu nilikesha: dkms status inasema installed, nikiandika sudo modprobe wl (kuwasha draiva hiyo, jina lake wl) najibiwa "Key was rejected by service", nafuta, naweka tena, yaleyale. Kumbe ni Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, keneli inakataa draiva ambayo ufunguo wake haiujui. Angalia:

mokutil --sb-state

Ikisema enabled, basi wakati wa kuweka draiva utaombwa kutunga paswadi ya herufi 8 mpaka 16. Tumia herufi ndogo na namba tu, maana huko mbele kibodi inasomwa Kimarekani, na uiandike kwenye karatasi. Ukiriboot inakuja skrini ya buluu, una sekunde 10 tu, bonyeza kitufe chochote, kisha Enroll MOK (kusajili ufunguo wako), Continue, Yes, paswadi, Reboot. Binamu alidhani mashine imekufa, akatoa mikono, ikapita. Ikikupita omba upya, tunga paswadi nyingine, riboot:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Kuzima Secure Boot ni rahisi zaidi, najua, lakini ni ulinzi wako, na kazi yenyewe ni dakika mbili.

5. Ikiwaka, sudo modprobe wl. Ikinyamaza bila kujibu kitu ndiyo imekubali, chomoa simu, chagua mtandao wako.