Draiva ya diski kwenye Linux: kushusha kashe bila kupoteza data

Diski ikijibu kwamba imemaliza kuandika, mara nyingi data imefika tu kwenye RAM iliyo ndani ya diski yenyewe. Haijakaa bado kwenye sahani wala kwenye seli za flashi. RAM hiyo ndiyo kashe tunayoizungumzia hapa. Kuishusha ni kuihamisha data yake hadi kwenye sahani au flashi. Umeme ukikatika kabla haijashushwa, kilichomo kinapotea, na hakipotei kwa zamu: diski huandika kwa mpangilio unaoifaa yenyewe, si kwa mpangilio uliotumia wewe. Jonali ya ext4 (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo mfumo huu wa mafaili huiandika kwanza) inategemea kwamba bloku ya kuthibitisha muamala haitangulii bloku inazozithibitisha. Draiva ikikosea hapo, mafaili yanaharibika ilhali kila ombi lilirudi bila kosa.

Maelezo haya ni ya keneli 6.11 na kuendelea, kwa draiva zinazotumia blk-mq, yaani tabaka la keneli linalopanga foleni za maombi ya diski.

Iulize diski kwanza

Usikisie kama diski ina kashe inayopotea. Njia ya kuuliza inategemea kiolesura cha diski: NVMe, SCSI, ATA, au virtio-blk ya mashine pepe. Kwenye NVMe, soma baiti ya 525 ya Identify Controller, biti 0. Kwenye SCSI, soma ukurasa wa 08h wa Mode Sense, biti ya WCE (baiti 2, biti 2). Kwenye ATA ni neno la 85 la IDENTIFY DEVICE, biti 5. Virtio-blk hutangaza VIRTIO_BLK_F_FLUSH, biti 9. Uliza tena kila baada ya kuiwasha diski upya, maana mtu anaweza kuwa ameibadilisha kwa `hdparm -W`.

Kisha itangazie keneli kabla ya kuunda diski (FUA ni uwezo wa diski kuandika ombi moja hadi kwenye sahani au flashi kabla ya kujibu):

```
lim.features |= BLK_FEAT_WRITE_CACHE;
if (ina_fua)
        lim.features |= BLK_FEAT_FUA;
disk = blk_mq_alloc_disk(&set, &lim, data);
```

Kwenye matoleo ya nyuma kidogo, kazi hii ilifanywa na `blk_queue_write_cache()`.

Mstari wa kwanza ndio wa kuogopa kuusahau. Bila huo, keneli inaamini kwamba hakuna kashe, inaziondoa alama za kushusha kwenye kila ombi, na ombi tupu la kushusha inalijibu kuwa limefaulu bila kukugusa. Hakuna onyo lolote kwenye logi. Kipimo cha kasi kitapendeza sana, na fsync (wito wa programu wa kutaka data ya faili ifike diski kabisa) haitalinda kitu. Ukiwa na shaka, tangaza kwamba kashe ipo; utapoteza kasi tu.

Wajibu wa draiva

Zamani tabaka la bloku lilikuwa na vizuizi vya kupanga foleni nzima. Viliondolewa kwenye 2.6.37. Siku hizi mfumo wa mafaili wenyewe husubiri maandishi unayoyahitaji yakamilike, kisha hutuma amri ya kushusha. Kwa hiyo una ruhusa ya kuyachanganya maombi yaliyo kwenye foleni utakavyo, ila usivunje mambo mawili. La kwanza: usitangaze ombi limekamilika kabla kifaa hakijasema hivyo. La pili: amri ya kushusha ilinde kila andiko lililokwisha kutangazwa kukamilika kabla amri hiyo haijatumwa. Maandishi yaliyo bado njiani hayamo kwenye ahadi hiyo, kwa hiyo huna haja ya kuyasubiri.

Ombi likija na REQ_PREFLUSH (alama ya kushusha kwanza), blk-mq hulipasua: kwanza amri tupu ya kushusha, kisha data, na kama lina REQ_FUA nawe hukutangaza FUA, amri nyingine ya kushusha mwishoni. Ndani ya `queue_rq`, sehemu ya draiva inayopokea maombi, utaona vitu viwili tu:

```
switch (req_op(rq)) {
case REQ_OP_FLUSH:
        return tuma_kushusha(d, rq);
case REQ_OP_WRITE:
        fua = rq->cmd_flags & REQ_FUA;
        ...
```

Amri zenyewe ni hizi. ATA: FLUSH CACHE EXT, 0xEA. SCSI: SYNCHRONIZE CACHE, 0x35, anwani sifuri na idadi sifuri, ikimaanisha diski nzima. NVMe: opkodi 00h pamoja na NSID (namba ya sehemu ya hifadhi). FUA kwenye NVMe ni biti 30 ya CDW12. Kwenye WRITE(10) ya SCSI ni biti 3 ya baiti 1. Kwenye amri 0x61 ya NCQ (foleni ya amri ndani ya diski ya ATA) ni biti 7 ya rejista ya Device. Angalia pia kwamba 0xEA haimo kwenye NCQ: amri zote za NCQ zikamilike kwanza ndipo uitume.

Draiva isiyotumia blk-mq, inayopokea bio (ombi ghafi la tabaka la bloku) moja kwa moja, haipasuliwi chochote. REQ_PREFLUSH na REQ_FUA ni juu yako, pamoja na bio isiyo na data. Kama umetandaza data juu ya diski kadhaa, peleka amri ya kushusha kwa zote, hata kama data ya bio hiyo inakwenda kwenye moja tu. Diski nyingine inaweza kuwa imeshika maandishi ya awali ambayo hii ya sasa inayategemea.

Usichanganye haya na `dma_wmb()` unayoiweka kabla ya kukabidhi deskripta kwa kifaa. Hiyo inapanga kumbukumbu kati ya prosesa na kifaa. Kashe ya diski haiijui kabisa.

Muda na makosa

Kushusha kashe iliyojaa huchukua muda. Kiwango cha ATA kinakubali kwamba inaweza kuzidi sekunde 30, na draiva ya sd ya Linux huipa amri hii sekunde 60. Ukiweka muda mfupi, halafu ukazima na kuwasha diski katikati, umeipoteza data uliyokuwa unaiokoa.

Kushusha kukishindwa, rudisha BLK_STS_IOERR. Usirudie kimyakimya hadi ifaulu. Kwenye ATA, sekta iliyoshindikana huondolewa kwenye kashe na amri inayofuata huendelea na zilizobaki, kwa hiyo jaribio la pili linaweza kufaulu wakati data haipo tena.

Shusha pia kashe kabla ya kulaza mashine na kabla ya kuizima.

Kupima

Soma `/sys/block/sda/queue/write_cache`, ioneshe `write back`. Kuandika kwenye faili hilo hubadilisha anachoamini keneli tu, diski haiguswi. Kisha endesha blktrace, zana inayoonesha maombi yanayokwenda diski: F iliyo kabla ya W ni kushusha kwanza, iliyo baada yake ni FUA.

Endesha fio (zana ya kupima kasi ya diski) kwa `--rw=write --bs=4k --fsync=1`. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, milisekunde 8.33 kila mzunguko. Ukiona maelfu ya fsync kwa sekunde kwenye diski ya kawaida ya sahani, amri haifiki.

Kwa draiva ya kutandaza, weka dm-log-writes (tabaka la keneli linalorekodi kila andiko) chini yake na ukague mfumo wa mafaili kwenye kila alama ya kushusha.

Kipimo kikuu ni kukata umeme kwa kuchomoa waya. `reboot -f` haitoshi, maana diski inabaki na umeme na itamalizia kuandika yenyewe. Andika bloku zenye namba, fsync, kisha tuma namba hiyo kwa mashine nyingine kupitia mtandao. Chomoa waya huku maandishi mengine yakiendelea, washa, na utafute namba ya mwisho iliyopokelewa upande wa pili. Rudia mara nyingi. Ikikosekana hata mara moja, kagua kwanza `lim.features`, kisha mahali unapotangaza ombi limekamilika kwa kuita `blk_mq_end_request()`.