Kwenda na watoto wadogo kwenye majumba ya maduka ugenini

Ugenini mara nyingi hakuna shangazi wala jirani wa kumwachia mtoto ukimbie dukani mara moja. Ukienda kusajili laini ya simu, yuko nawe. Ukienda kutafuta soksi, yuko nawe. Ndani ya jumba la maduka mambo mawili yanastahili kuogopwa: mtoto kupotea kati ya watu wasiojua lugha yake, na ngazi za umeme. Mengine ni usumbufu tu, na usumbufu hupangika.

Panga shughuli mbili, na ile ya lazima iwe ya kwanza. Mtoto wa chini ya miaka minne akishapitisha saa moja na nusu humo ndani, mwanga, kelele na vitu asivyoruhusiwa kugusa huanza kumshinda, na kilio hakikwepeki. Saa nzuri ni asubuhi ya siku ya kazi, milango ikishafunguliwa tu. Angalia ratiba kwenye intaneti kwanza, maana kuna nchi ambako maduka mengi hufungwa Jumapili.

Mkobani weka nepi moja kwa kila saa mbili utakazokuwa nje, na mbili za akiba, nguo kamili za kubadilisha, mfuko wa plastiki wa kutia zilizochafuka, maji, na sarafu chache. Sarafu ni muhimu kuliko unavyodhani: mahali pengine toroli haliachii mnyororo bila sarafu, na choo nacho kina malipo. Mkoba ukae chini ya kigari cha mtoto, usiuning'inize kwenye mpini. Ukimtoa mtoto huku mifuko imening'inia nyuma, kigari hupinduka hapo hapo.

Kwenye nchi za baridi, mvue mtoto koti mkishaingia tu, kwa sababu ndani kuna joto na mtoto aliyelowa jasho hatulii. Kwenye nchi za joto mambo hugeuka: kiyoyozi huwa kikali, kwa hiyo beba sweta jepesi.

Mtoto akipotea

Kazi kubwa hapa hufanyika kabla hajapotea. Mkifika mlangoni mpige picha ya mwili mzima, viatu vikionekana. Hofu ikikushika utasahau hata rangi ya shati ulilomvalisha mwenyewe. Kisha mwandikie namba yako ya simu upande wa ndani wa mkono kwa kalamu ya wino usiofutika upesi, ukianza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, hasa kama bado unatumia laini ya nyumbani. Jina la mtoto lisiandikwe kwenye nguo mahali panapoonekana; mtu asiyemjua akimwita kwa jina, mtoto atadhani ni ndugu.

Mfundishe jina lako kamili. Akilia "mama" tu, kila mama atageuka na hakuna atakayejua anatafutwa nani. Mfundishe pia sentensi moja ya lugha ya pale, "Nimepotea, namtafuta mama yangu," na muiseme nyumbani kama mchezo mpaka imtoke bila kufikiri. Kanuni zake ziwe mbili: asitoke nje ya mlango wowote, na amwendee mfanyakazi mwenye kitambulisho shingoni au mama mwenye watoto.

Wewe nawe andika kwenye simu, kwa lugha ya pale, sentensi ya kumweleza mlinzi: umri, jinsia, rangi ya nguo, mahali alipoonekana mwisho. Mtoto akitoweka usikimbie huku na huko. Mkiwa wawili, mmoja abaki pale pale. Piga kelele ukitaja sura yake, "mtoto wa kiume, miaka mitatu, shati la kijani," kwa sababu jina lake halimsaidii mpita njia kumtambua. Mwambie mfanyakazi wa karibu mara moja, bila kuona haya. Marekani maduka mengi hufuata utaratibu uitwao Code Adam, ulioanzishwa 1994: wafanyakazi husimamia milango na kumtafuta mtoto, na asipopatikana ndani ya dakika 10 polisi huitwa. Namba za dharura zihifadhi mapema: 112 katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada.

Ngazi za umeme, lifti na toroli

Kigari kisipande ngazi za umeme hata kama zimejaa watu wanaofanya hivyo. Magurudumu ya mbele hukwama pale juu ngazi zinapoishia, na walio nyuma wanaendelea kusukumwa wakuangukie. Mtoto anayetembea mshike mkono, asimame katikati akitazama mbele. Viatu laini vya mpira ndivyo huleta balaa: vikigusa ukuta wa pembeni, msuguano huvivuta kwenye upenyo, na vidole vikiwa ndani yake. Funga kamba za viatu, kunja gauni refu au shali. Kabla ya kupanda, tazama kilipo kitufe chekundu cha kusimamisha. Kwa kawaida kipo chini na juu, karibu na mwanzo wa mkono wa kushikilia.

Kwenye lifti shida huwa ni namba. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya ghorofa ya chini ni 0 au G, na 1 iko juu yake. Marekani 1 mara nyingi ndiyo ya chini. Mkipeana miadi na mwenzako, tajeni duka, msitaje namba ya ghorofa.

Kwenye toroli mtoto akae kiti chake, mkanda umefungwa. Akisimama ndani ya kapu, kuinama kidogo tu kunatosha kumwangusha kichwa chini.

Choo kitafute kwanza kwenye ramani ya mlangoni, na uipige picha. Mtoto aliyeacha nepi karibuni mpeleke kila saa, asisubiri kuomba. Vyoo vinavyojimwagia maji vyenyewe huwatisha wengi mpaka wakagoma kukaa: bandika kipande cha karatasi ya chooni kilicholowa juu ya kijicho cha kihisi, ukitoe mkimaliza.

Chakula, kwa mtoto mwenye mzio, kinataka sentensi nyingine iliyoandikwa tayari kwenye simu. Katika Umoja wa Ulaya sheria inawataka wauzaji watoe taarifa za vitu 14 vinavyoleta mzio, hata kwa chakula kisichofungashwa, kwa hiyo uliza bila wasiwasi.

Wakati wa kuondoka, utalipata gari upesi kama ulipoegesha ulipiga picha ya nguzo yenye herufi na namba. Mtoto aingie garini kwanza, funguo zikiwa mkononi mwako, na koti nene livuliwe kabla ya kufunga mikanda ya kiti chake. Gari likigongwa, koti hubonyea na mikanda hubaki imelegea. Tangu mwanzo egesha karibu na mahali pa kurudishia toroli, ili usimwache peke yake wakati unalirudisha.