Somo: Kupima mng'ao, rangi na kasi ya nyota moja, Eta Aquilae, kutoka Uganda

Somo hili ni la mtu aliyeko Uganda mwenye macho mazuri, daftari, na ikiwezekana kamera ya kubadilisha lenzi pamoja na stendi ya miguu mitatu. Tutashughulika na nyota moja tu, Eta Aquilae iliyo katika kundinyota la Ukabu (Aquila), kwa sababu mng'ao wake, rangi yake na kasi yake hubadilika kwa mpigo mmoja, hivyo anayejifunza kuipima hujifunza vipimo vyote vitatu na kuona jinsi vinavyohusiana. Edward Pigott aligundua kubadilika kwake mwaka 1784 akiwa Uingereza. Sisi tuna faida ambayo yeye hakuwa nayo: nyota hiyo iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta ya anga, kwa hiyo mtu aliyesimama Kayabwe, pale mstari wa ikweta unapokatiza barabara ya Masaka, huiona ikipita karibu kabisa na utosi wake.

Kabla ya kuanza, shika jambo moja. Katika kazi hii hakuna kipimo kisicho ulinganisho: mng'ao hupimwa kwa nyota jirani inayojulikana, rangi hupimwa kwa kulinganisha mng'ao uleule kupitia machujio mawili, na kasi hupimwa kwa kulinganisha mistari ya nyota na mistari ya taa iliyoko maabara. Anayesahau kuandika alilinganisha na nini amepoteza usiku wake.

Hatua ya kwanza: majira, mahali na saa

Ukabu huwa juu kabisa karibu na saa sita usiku mwanzoni mwa Agosti, na karibu na saa tatu usiku katikati ya Septemba. Juni hadi Agosti ni kipindi cha ukavu katika sehemu kubwa ya kusini mwa nchi, basi anza wakati huo. Usipime nyota ikiwa chini ya digrii 30 kutoka upeo wa macho, kwa kuwa hapo mwanga wake hupita katika hewa mara mbili ya ile unayopita ukiwa utosini, na hewa hiyo hula mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Habari njema ni kwamba katika ikweta nyota hii hupanda wima, digrii 15 kila saa, na kwa hiyo hukaa juu ya digrii 30 kwa saa nane nzima. Ukichelewa hadi Novemba utaikuta ikielekea magharibi mapema usiku, na kama unakaa Masaka au pembezoni mwa Kampala utashindana pia na taa kali za wavunaji wa senene, ambao sina ugomvi nao, ila anga yao haipimiki.

Kuhusu saa, naomba msomaji asiruke aya hii. Wanafalaki huandika kwa saa ya ulimwengu, ambayo iko saa tatu nyuma ya saa rasmi ya Uganda, lakini sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Njia rahisi ni kuhesabu saa zilizopita tangu saa 12 asubuhi, kisha kuongeza tatu: saa 3 usiku ni saa ya 15 tangu mapambazuko, ongeza tatu, unapata 18:00 ya ulimwengu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika vipimo vya wiki tatu kwa saa ya Kiswahili bila kutaja kama ni usiku au alfajiri, na nusu yake nililazimika kuitupa. Baada ya hapo geuza tarehe kuwa siku ya Juliasi, hesabu ya siku zinazofuatana bila miezi wala miaka, ambamo adhuhuri ya ulimwengu ya tarehe 1 Januari 2000 ni 2451545.0. Siku hiyo huanza adhuhuri ya ulimwengu, yaani saa 9 alasiri kwetu, na hivyo usiku mmoja wa kazi hauvunjiki katikati kwa kubadilika tarehe.

Hatua ya pili: kukadiria mng'ao kwa jicho

Tafuta Tairi (Altair), nyota angavu kuliko zote za Ukabu. Kutoka hapo shuka kusini kiasi cha digrii 8, yaani pungufu kidogo ya upana wa ngumi ukinyosha mkono, na utaikuta Eta ikiwa karibu katikati ya mstari unaounganisha Delta na Theta za kundinyota hilohilo. Nyota za kulinganishia ni Delta yenye magnitudo 3.4, Beta yenye 3.7, na Iota yenye 4.4. Kumbuka kwamba magnitudo, yaani kipimo cha mng'ao, ni kama nafasi ya mwanafunzi darasani, ambapo namba ndogo ndiyo ya aliyefanya vizuri zaidi. Norman Pogson alipendekeza mwaka 1856 kwamba tofauti ya magnitudo 5 iwe sawa na mwanga mara 100, hivyo magnitudo moja ni takribani mara 2.512.

Eta huenda kutoka takribani 3.5 hadi 4.4. Ukiona kwamba iko hafifu kuliko Beta lakini angavu kuliko Iota, gawa nafasi iliyo kati yao katika mafungu. Ikiwa imetoka kwa Beta theluthi moja ya njia, basi ni 3.7 jumlisha theluthi ya 0.7, yaani 3.9. Usiikodolee macho nyota moja kwa muda mrefu. Hamisha jicho upesi kutoka moja hadi nyingine, na usitazame daftari kuona ulichoandika jana, kwani jicho hutii matarajio. Aliyezoea hukadiria kwa usahihi wa magnitudo 0.1, na kwa nyota hii inatosha.

Hatua ya tatu: kamera

Lenzi ya milimita 50 huingiza nyota zote tulizotaja katika picha moja. Weka kamera ihifadhi picha ghafi (RAW), acha lenzi wazi kwa sekunde 5 hadi 8, na uvuruge fokasi kidogo ili nyota isiwe nukta kali na mwanga wake utawanyike katika vipokezi (pikseli) vingi na kisiwepo hata kimoja kilichojaa. Kipokezi kilichojaa hudanganya bila kuonyesha dalili. Piga picha 20 au zaidi, kisha funika lenzi upige nyingine chache za giza za kuondolea kelele ya kamera.

Nyumbani, programu kama AstroImageJ, ambayo hailipiwi, huchora duara kuzunguka nyota, hujumlisha mwanga uliomo, na huondoa mwanga wa anga uliopimwa katika pete iliyo nje ya duara. Tuchukue mfano wa kujifunzia: katika chaneli ya kijani Beta imetoa 84,000 na Eta 70,000. Gawa 70,000 kwa 84,000, unapata 0.833, logi yake ya msingi wa 10 ni hasi 0.079, zidisha kwa hasi 2.5, unapata 0.20. Eta ni hafifu kuliko Beta kwa 0.20, kwa hiyo magnitudo yake ni 3.7 jumlisha 0.20, yaani 3.9.

Hatua ya nne: rangi

Rangi ya nyota, kwa mpimaji, ni namba inayopatikana kwa kutoa magnitudo ya kijani-manjano, iitwayo V, kutoka magnitudo ya buluu, iitwayo B. Mfumo huu uliwekwa na Harold Johnson na William Morgan mwaka 1953, ukiwa umepangwa ili nyota nyeupe ziwe karibu na sifuri. Shira (Sirius) ni 0.00, Dabarani (Aldebaran) ni 1.54, na Ibuti la Jauza (Betelgeuse) ni takribani 1.85. Namba ikiwa kubwa, nyota ni nyekundu zaidi na uso wake ni wa baridi zaidi, isipokuwa pale vumbi la anga za mbali linapoongeza wekundu usio wa nyota yenyewe. Eta Aquilae hutembea kati ya takribani 0.6 inapong'aa sana na 1.0 inapofifia.

Chaneli ya kijani ya kamera yako iko karibu sana na V, lakini ya buluu hailingani vizuri na B. Dawa yake ni kupima nyota kumi au kumi na tano zenye rangi zinazojulikana, kuchora tofauti kati ya kipimo chako na cha orodha dhidi ya rangi ya kila nyota, na kutumia mwinamo wa mstari huo kusahihisha. Ni kazi ya jioni moja, na haifanywi tena mpaka ubadilishe kamera.

Hatua ya tano: kasi radiali

Hapa vifaa vya nyumbani vinatuishia. Kasi radiali ni kasi ambayo nyota inatukaribia, tukiandika hasi, au inatukimbia, tukiandika chanya. Huonekana katika spektra, yaani mwanga wa nyota uliotandazwa kwa rangi zake: mistari myeusi ya elementi husogea kuelekea buluu nyota ikija, na kuelekea nyekundu ikienda. Dabarani inatukimbia kwa kilomita 54 kwa sekunde, na pamoja na ukubwa wa namba hiyo, mstari mwekundu wa hidrojeni ulio nanomita 656.28 husogea kwa nanomita 0.12 tu. Kioo chepesi chenye mistari kinachofungwa mbele ya kamera kitakuonyesha kwamba mstari upo, lakini hakitaweza kukuambia umesogea. William Huggins alijaribu kuupima kwa Shira mwaka 1868 kwa jicho, na vipimo vya kuaminika vilipatikana baada ya Hermann Vogel wa Potsdam kuanza kupiga picha za spektra mwaka 1888.

Kwa hiyo tutumie spektra zilizopigwa na wenye vifaa. Hifadhi ya ESO, taasisi ya Ulaya ya kuchunguza anga la kusini, hutoa bure spektra za HARPS, chombo kilichofungwa kwenye darubini ya mita 3.6 huko La Silla, Chile, ambacho hupima kasi kwa usahihi wa mita moja kwa sekunde. Pakua spektra, tafuta kitovu cha mstari mmoja mwembamba, toa urefu wa wimbi wa maabara, gawa kwa urefu huo, kisha zidisha kwa kasi ya nuru, kilomita 299,792 kwa sekunde.

Halafu ondoa mwendo wetu wenyewe, na hapa ndipo wengi huanguka. Dunia hukimbia kuzunguka Jua kwa takribani kilomita 30 kwa sekunde. Dabarani iko karibu na njia ya Jua, kwa hiyo mwishoni mwa Agosti, tunapoikuta juu alfajiri, Dunia inaielekea na kasi ghafi ni karibu 24, ilhali mwanzoni mwa Machi, inapokuwa juu jioni inapoingia, tunaikimbia na kasi ghafi ni karibu 84. Mzunguko wa Dunia kwenye mhimili wake huongeza au kupunguza hadi kilomita 0.46 kwa sekunde. Aliye kwenye ikweta ndiye anayezungushwa kwa kasi kuliko binadamu wote. Spektra nyingi zilizo kwenye hifadhi zimesahihishwa tayari. Soma maelezo ya faili usije ukasahihisha mara mbili.

Hatua ya sita: kuviweka pamoja

Mzunguko wa Eta Aquilae ni siku 7.177. Gawa kila siku yako ya Juliasi kwa namba hiyo, tupa namba nzima, na ubaki na sehemu ya desimali. Chora mng'ao, rangi na kasi dhidi ya desimali hiyo katika karatasi moja ya miraba, mchoro mmoja chini ya mwingine. Utaona kwamba nyota hupanda upesi na kushuka polepole, kwamba inapokuwa angavu zaidi ndipo inapokuwa na wekundu mdogo zaidi, na kwamba wakati huohuo uso wake ndio unaotukaribia kwa kasi kubwa zaidi. Kati ya kasi ya juu na ya chini kuna takribani kilomita 40 kwa sekunde.

Maswali ya wanachama wanaofuata somo hili

Mwanachama wa Jinja: Mwalimu, nimeitazama Eta kila Jumamosi saa tatu usiku kwa wiki tano, na kila mara naiona ni 3.8. Je, macho yangu ni mabaya?

Jibu: Macho yako ni mazuri, ndugu yangu, kalenda ndiyo iliyokuponza. Wiki ina siku 7 na nyota ina siku 7.177, hivyo kila Jumamosi unaikuta karibu palepale ulipoiacha. Kwa mtindo huo utahitaji takribani wiki 40 kuuona mzunguko mmoja. Tazama usiku wowote usio na mawingu, hata siku zikifuatana.

Mwanachama wa Mbarara: Ikiwa nyota inayotukimbia husogea kuelekea nyekundu, je, wekundu wa Dabarani unatokana na kutukimbia?

Jibu: Hapana, na ni vizuri umeuliza. Kilomita 54 kwa sekunde hubadilisha urefu wa wimbi kwa sehemu mbili hivi katika kila 10,000, jambo ambalo jicho haliwezi kulihisi. Wekundu wake ni wa joto: uso wake ni wa baridi kuliko wa Jua. Shira inatukaribia kwa kilomita 5.5 kwa sekunde, na weupe wake pia hautokani na hilo.

Mwanachama wa Moroto: Huku anga ni jeusi vizuri, lakini wakati wa kiangazi kuna moshi wa nyasi zinazochomwa. Je, niache kupima?

Jibu: Pima, mradi moshi uwe umetanda sawasawa, maana unafifisha Eta na nyota jirani kwa pamoja na ulinganisho hubaki. Ukiona umekaa mapandemapande, lala.

Mwanachama wa Kampala: Kasi ikibadilika hivyo, ina maana nyota inakuja na kurudi?

Jibu: Wanafalaki wa kwanza walidhani kuna nyota mbili zinazozungukana, baada ya Aristarkh Belopolsky kugundua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba kasi ya nyota za aina hii hubadilika. Mwaka 1914 Harlow Shapley alionyesha kwamba dhana hiyo haisimami, na kwamba ni nyota moja inayotanuka na kusinyaa. Nyota nzima ina kasi yake ya wastani, takribani hasi kilomita 15 kwa sekunde. Toa hiyo, na kinachobaki ni mwendo wa ngozi ya nyota. Zidisha kila kasi iliyobaki kwa sekunde zilizopita, jumlisha zile za upande mmoja tu, hasi au chanya, kisha ongeza karibu theluthi moja, kwa sababu kingo za nyota hazitazami kwetu moja kwa moja. Jumla itakuwa kilomita milioni kadhaa, na huo ndio umbali ambao uso wa Eta Aquilae hupanda na kushuka kila baada ya siku 7.177.